Rangi ya Meno ya Mwalimu

Karakana nzima ilimwita Bi Nta, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, aligeuka kutazama anayeitwa ni nani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameyeyusha nta ya rangi ya waridi juu ya moto mdogo, akaikunja kama ufizi, akapanga jino moja moja mpaka kinywa kikapata sura ya mwenyewe.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana. Mbele alikaa mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, akipokea vipimo kutoka kwa madaktari na kupiga simu. Katikati ilikuwa meza ya Bi Nta, dirishani, kwa sababu rangi ya jino haichaguliwi kwa taa. Nyuma kabisa alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akimimina plasta kwenye vipimo kutengeneza kalibu za vinywa, mikono myeupe hadi viwikoni. Huyo walimwita Plasta, na hata mkewe alimwita hivyo.

Kila chumba kilikuwa na kompyuta, na waya ulipita juu ya milango kuziunganisha. Faili la wateja lilikaa kwenye kompyuta ya mkwe, na wote watatu waliingia humo kwa jina moja, "meno", na neno la siri moja, nalo pia "meno". Plasta ndiye aliyelitunga. Alisema hivyo hakuna atakayesumbuka kukumbuka.

Mambo yalianza kuharibika kwa mwalimu mmoja mstaafu. Alikuja mwenyewe karakanani, akakaa dirishani, na Bi Nta akamshikia vipande vya kupimia rangi karibu na meno machache aliyobakiwa nayo. Daktari alikuwa ameagiza rangi nambari moja, nyeupe kabisa. Bi Nta akatikisa kichwa. Mtu aliyekunywa chai ya rangi miaka sitini hawezi kuvaa meno ya mtoto. Akaandika kwenye faili: nambari nne.

Wiki moja baadaye alipofungua faili apange meno, alikuta nambari moja. Akajiambia labda walikubaliana hivyo, akapanga. Mwalimu alipoyavaa, meno yalimtangulia mlangoni.

"Fundi," alisema kwa upole, huku akifunika mdomo kwa kiganja, "wajukuu wangu wananicheka. Wanasema nimeazima."

Bi Nta aliomba radhi, akayatengeneza upya, akadhani yamekwisha. Siku chache baadaye lilipotea jambo jingine: aliandika kwamba bibi mmoja ana kidonda upande wa kushoto, seti ya meno isimbane hapo. Maandishi hayakuwepo tena. Bibi akarudi akilia. Ndani ya mwezi mmoja ikawa mara nne.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikuwa hofu ya kompyuta. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo. Alianza kwa funguo, akaenda kwenye majina, na miaka miwili ya mwisho alimwita Bi Nta "mama" na kumwomba ruhusa ya kwenda nyumbani, naye yuko nyumbani.

Bi Nta hakumwambia mtu. Alianza kujipima kimyakimya. Akiwa jikoni alijitajia wanafunzi aliosoma nao darasa la kwanza, kwa mpangilio wa madawati. Akitembea kwenda kazini alisoma nambari za magari na kuzikariri hadi kona. Alinunua daftari dogo akawa anaandika kila kitu mara mbili; lakini daftari likisema nne na kompyuta ikisema moja, alijijibu mwenyewe: umeandika kwenye daftari, ukasahau kuandika kule. Daftari nalo likawa shahidi dhidi yake.

Jumatatu moja asubuhi aliwaita wote wawili mezani kwake. Alikuwa amefuta vifaa vyake na kuvipanga kwenye kitambaa, kama mtu anayekabidhi.

"Mwisho wa mwezi naacha kazi," alisema.

"Unaacha kazi gani?" Plasta aliuliza. "Hii?"

"Kwani nina nyingine?"

"Dada, acha utani asubuhi yote hii."

"Sitanii. Ninakosea. Naandika vitu, vinakuwa siyo nilivyoandika. Nimemfanya mwalimu wa watu kichekesho, nimemuumiza bibi wa watu. Nadhani ni..." Alisita, akatazama dirishani. "Nadhani ni yale ya mama."

Aliyezungumza wa kwanza alikuwa mkwe, na alizungumza huku machozi yanamtoka, jambo ambalo Bi Nta hakulitarajia kabisa.

"Mama, naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini tena?"

"Mimi nilidhani unanifutia makusudi. Naandika simu ya mteja, nikirudi haipo. Naandika tarehe ya kuja kuchukua, inarudi ya zamani. Nikasema, haya, mama mkwe hanitaki kazini, ananifanyia vituko ili nionekane sifai. Nimemwambia hata mume wangu nitafute kazi kwingine."

"Uliniwazia hivyo?"

"Nilikuwazia, mama."

Wakatazamana, watu wa nyumba moja waliokuwa wakila pamoja kila Jumapili huku kila mmoja akiwa na lake moyoni. Kisha Plasta akakuna kichwa, akajiachia alama nyeupe kwenye nywele.

"Mimi kalibu nilizoandika zimekamilika zilikuwa zinarudi kuwa bado," alisema. "Nikawa namimina mara ya pili. Nilinyamaza kwa sababu nilijua mtasema nalala kazini."

"Si unalala kweli," alisema dada yake, na yeye mwenyewe akashangaa kujisikia anacheka.

Adhuhuri hiyo hiyo wakamwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Hakugusa kitu. Alivuta kiti mahali ambapo angeona vyumba vyote vitatu kupitia milango iliyo wazi, akasema, "Fanyeni kazi kama kila siku. Mimi sipo."

Wakafanya. Plasta akafungua ukurasa wa mteja mmoja, akauacha wazi, akaenda kukoroga plasta yake. Bi Nta naye akafungua ukurasa uleule, akabadilisha rangi kutoka mbili kuwa tatu, akahifadhi. Baada ya nusu saa Plasta akarudi, akaandika kwa kidole kimoja "kalibu tayari", akabonyeza. Kwenye kioo chake kikatokea kisanduku chenye maandishi mengi. Plasta akabonyeza kitufe cha kwanza, kisanduku kikaondoka.

"Simama hapohapo!" fundi alipiga kelele, hata Plasta akainua mikono kama aliyeshikwa na polisi. "Hicho kisanduku kilisema nini?"

"Sijui. Huwa kinakuja. Kinasumbua tu."

"Na huwa unafanyaje?"

"Nabonyeza cha kwanza, kinaondoka."

Fundi akamgeukia mkwe. "Na wewe?"

"Cha kwanza," mkwe alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe, mama?"

Bi Nta alihisi uso unawaka. "Cha kwanza."

Fundi alivaa miwani yake, akaketi kwenye kompyuta ya Plasta. "Njooni hapa wote. Kisanduku kinasema hivi: tangu ulipofungua ukurasa huu, mtu mwingine ameubadilisha. Je, nihifadhi wa kwako juu ya wa kwake? Na kitufe cha kwanza ndicho cha 'ndiyo'. Huyu bwana amefungua ukurasa nusu saa iliyopita, rangi ni mbili. Mama ameandika tatu. Bwana amerudi na ukurasa wake wa mwanzo, ambao bado unasema mbili, akaulaza juu ya wa mama. Tazameni."

Wakatazama. Rangi ilikuwa mbili.

"Kwa hiyo niliandika," alisema Bi Nta.

"Uliandika. Nimekuona kwa macho yangu."

"Na ya mwalimu pia niliandika."

"Huyo mwalimu simjui, mama, lakini bila shaka uliandika."

Bi Nta akashika ukingo wa meza. Akakaa kwenye gunia la plasta bila kujali sketi yake nyeusi. Hakulia. Alianza kutaja kwa sauti, "Dawati la kwanza kushoto, mtoto wa mshona viatu, pembeni yake yule mwenye kigugumizi, nyuma yao mapacha," na Plasta, aliyesoma shule hiyohiyo miaka minne nyuma yake, akachuchumaa, akamshika mabega na kumwachia alama kumi za vidole kwenye blauzi.

"Ungeniambia, dada," alisema. "Mimi pia huwa nawaza ya mama. Kila nikisahau mahali nilipoweka mwiko."

"Mwiko unausahau tangu una miaka ishirini."

"Ndiyo nimekuwa nikiogopa tangu nina miaka ishirini."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke. Bi Nta akamnyooshea mkono. "Njoo uniinue, mwanangu. Na mwambie mume wako hakuna cha kutafuta kazi."

Fundi alifanya kazi siku mbili. Faili lenye taarifa akaliacha peke yake kwenye kompyuta ya mbele, na kila kompyuta akaiwekea njia yake ya kulifungua. Kila mmoja akapata jina na neno lake la siri, na Plasta akakatazwa kutunga. Akaweka kwamba mtu akianza kubadilisha ukurasa wa mteja, wengine wanausoma tu, hawawezi kuandika hadi atoke. Na kila badiliko linaandikwa pembeni limefanywa na nani na saa ngapi. Jioni faili linajinakili lenyewe.

"Na mkiona kisanduku," alisema akifunga mkoba wake, "someni. Kama hamkielewi, nipigieni. Kubonyeza kuje mwisho."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya makelele matupu. Plasta hakuacha tabia yake ya kufungua ukurasa, kugusa neno moja na kwenda zake, na Bi Nta akitaka kuandika rangi alikuta pamefungwa. Siku moja dirishani kwake alikaa mteja, mama muuza vitambaa.

"Plasta! Uko ndani ya mama wa vitambaa?"

"Nipo, ngoja kidogo!"

"Toka! Ana mume huyo!"

Mkwe mbele alicheka mpaka mteja kwenye simu akamuuliza kuna nini. Plasta akaja mbio, mikono inadondosha matone meupe njia nzima, akabonyeza kwa kiwiko, akatoka. Kwenye kioo cha Bi Nta alama ya kufungwa ikapotea. Akageuza kiti kuelekea dirishani, akamwomba mama wa vitambaa atabasamu tena, akashika kipande cha rangi karibu na jino lake la mbele, akakilinganisha bila haraka. Tatu. Akaandika tatu, akahifadhi, akaenda kuwasha moto wa nta.