Sindano Nne za Kamenge

Mwanvua hakumwamini mtu, na mwaka ule wa tisini na tano nani angemlaumu? Hakumwamini mwenye duka la kona aliyehesabu maziwa anayonunua. Hakumwamini hata mumewe Tajudini, fundi magari, maana Tajudini ana mdomo usio na kufuli na gereji yake inapitiwa na watu wa kila namna. Siri yenyewe aliibeba mgongoni, ikiwa na meno mawili na mateke ya kutosha.

Mtoto yule aliletwa kwake mtaa wa Buyenzi mwezi wa sita, siku zile askari walipoingia mtaa wa Kamenge kuwasaka waasi na watu wakatawanyika kama siafu. Aliyemleta ni Mirindi, bibi aliyezoea kumuuzia nyanya. Mama wa mtoto, alisema Mirindi, alikuwa sokoni risasi zilipoanza, basi yeye jirani akamnyakua mtoto kitandani pamoja na kadi yake ya chanjo.

"Kaa naye siku mbili tu, mama Lubna. Mi narudi kumutafuta mama yake."

Siku mbili zikawa miezi minne na Mirindi hakurudi. Mwanvua alikuwa na binti yake Lubna, wa umri uleule, akawagawia wote wawili maziwa, huyu kushoto, huyu kulia. Yule wa pili akamwita Musafiri, naye Tajudini aliambiwa tu ni mtoto wa ndugu aliye safarini.

Kadi ndiyo iliyomtoa jasho. Juu kabisa iliandikwa Maxime, na chini yake, Kamenge. Neno hilo la pili lilitosha kumponza mtu kwenye kizuizi chochote cha barabarani. Basi alasiri moja Mwanvua alikaa na kadi ile, akazikariri tarehe za chanjo kama alivyokariri sura za Kurani utotoni, akijitikisa mbele na nyuma mpaka zikakaa kichwani. Zilikuwa nne. Kisha akaitia kadi kwenye mbabula, makaa yakaila, akainjika chai.

Alijiona mjanja sana. Lakini mwezi wa kumi ulipofika, watoto wakiwa na miezi tisa, ujanja ulimgeuka. Ni umri wa sindano ya surua, na Musafiri hakuwa tena na kadi ya kuonyesha. Alimpeleka Lubna peke yake na Musafiri akamwacha nyumbani, mlango umefungwa. Wiki iliyofuata surua ikaingia mtaani na kumchukua mtoto wa Amissi, mshona nguo wa nyumba ya pili. Tangu siku hiyo Mwanvua akawa anamgusa Musafiri paji la uso kila dakika, na kila joto dogo lilimkata maini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa amemficha mtoto mzima. Aliogopa daftari la wauguzi, lakini sasa aliiogopa surua zaidi.

Alhamisi, siku ya chanjo, akamfunga Musafiri mgongoni na kwenda kituo cha afya. Akina mama walijaa kwenye benchi. Mwisho wa benchi alikaa mwanamke mwembamba, kitenge chake kimefungwa vizuri, mikono mitupu. Hakuwa na mtoto. Nani anakuja siku ya chanjo bila mtoto? Na macho yake, Mungu wangu, yalipita uso wa kila mtoto mmoja mmoja, kama mnunuzi anayechagua maharage. Yalipofika kwa Musafiri yakakwama.

Huyu ametumwa, Mwanvua alijiambia. Akamgeuza mtoto ukutani.

"Dada," yule mwanamke akasogea, "huyu mutoto alizaliwa hapa?"

"Hapa hapa. Ni wa kwangu. We unatafuta nini?"

Mwanvua akasimama ajiondokee. Muuguzi Jovithe, mama mnene mwenye miwani, akamshika mkono. "Mama, usikimbie na sindano haijaingia. Huyu ni Spéciose. Mutoto wake alipotea vita ya Kamenge. Anazunguka vituo vyote siku za chanjo. Anasema miezi tisa ikitimia, mwenye kumupenda mutoto wake atamuleta kwa surua."

Maneno matamu, na Mwanvua hakuyameza. Watu waliokuwa wakiwinda watu wa Kamenge wangekosaje kutumia chambo cha machozi? Na hata kama si chambo, siku hizi kila aliyefiwa aliona mwanawe kwenye mgongo wa mwingine. Tena kulikuwa na jambo la tatu, alilolionea aibu hata moyoni: hakutaka kumtoa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyelea ni nani?

"Wa kwako alichomwa sindano ngapi?" akauliza kwa ukali.

Spéciose hakufikiri. "Nne. Ya kwanza ya bega, tarehe kumi na nne mwezi wa kwanza. Ya pili, ya paja, ishirini na nane ya mwezi wa pili. Ingine, ishirini na tisa ya mwezi wa tatu. Paja lilivimba, nikalikanda na maji ya chumvi." Akaendelea, "Ya ine ilichelewa juu ya risasi, njia zilifungwa. Tulifika ishirini na mbili ya mwezi wa tano. Muuguzi alinigombeza."

Mwanvua alizifuata tarehe zile kimoyomoyo, moja baada ya moja, akisubiri mwanamke akosee. Aliomba akosee. Hakukosea hata siku moja. Karatasi ile hakuna mwingine aliyeijua ila makaa.

Alikuwa na hasira, wala hakujua amkasirikie nani. Akafungua kanga ya mgongoni polepole, akamshusha mtoto, akamweka kwenye mapaja ya Spéciose.

"Mushike miguu," akasema. "Anapigaga mateke sana."

Spéciose alimshika. Mikono yake haikulegea. Sindano ikaingia, mtoto akapiga yowe, akamnyooshea mikono Mwanvua. Mwanvua akairudisha yake nyuma ya mgongo na kuibana hapo.

Jovithe alifungua daftari. "Jina la mama?" akamuuliza Mwanvua.

"Muulize yeye," Mwanvua akasema.