Nguzo ya Mama Inonge

Nimefanya kazi ya ufundi wa boti kule Mongu, Zambia, miaka mingi, na sijazoea jinsi Zambezi unavyokuja. Mto wa kwetu Morogoro ukifurika hupiga kelele. Huu huingia kwenye nyasi kimya kimya, hadi uwanda wote unakuwa maji.

Mwaka mmoja mto uliwahi. Mwenzangu kazini, Mubita, aliniomba twende kumchukua mama yake uwandani. Tulimkuta Mama Inonge juu ya kitanda, miguu ya kitanda majini, kuku wawili mapajani.

"Ngoma za mfalme zimelia?"

"Bado, mama."

"Basi mmefuata nini? Maziwa?"

Kule, ngoma zikilia, mfalme ndiye huyahama maji kwanza, raia humfuata.

"Kwa mfalme ni mwinukoni, bado pakavu, mama. Wewe umekalia mto!"

"Marehemu baba yako alimpigia kasia mfalme. Leo mimi nimtangulie, kama bata?"

Nikaingilia mimi. "Mama, panda tu. Boti tutaifunga kwenye nguzo ya nyumba. Utakuwa hujaondoka."

Akanitazama, akacheka. "Mgeni huyu ni sungura." Akapanda na kuku wake.

Tukaelea juu ya ua wake, tukila ugali baridi kwa maziwa ya mgando. Alasiri ukuta ukalainika, ukaporomoka. Paa likafuata. Nguzo ikang'oka na kuelea nyuma yetu, ingali kambani, na mkondo ukaanza kutuvuta kuelekea mto wenyewe, kwenye maji mengi.

"Washa injini!" Mubita akapiga kelele.

Mama Inonge alikuwa ameishika kamba. Hakugeuka. "Ukiwasha, fundi, ni wewe umenihamisha. Si maji."

Nikawasha.

Tulipofika nchi kavu, mke wa Mubita alikuwa ameshatandika kitanda. Mama hakuingia. Aliagiza nguzo yake ipandishwe ukingoni, akaketi juu yake na kujifunika kanga. Mvua ikanyesha. Mubita akamshikia mwavuli, akamsihi hadi sauti ikamkauka.

"Mama, utakufa hapa!"

"Nitakufa nyumbani kwangu. Huoni nimekaa wapi?"

Ngoma zilipolia hatimaye, mji mzima ulikimbilia bandarini kumpokea mfalme kwa vigelegele. Yeye alikuwa akitetemeka kwa homa. Alisimama, akaifungua kamba kwenye nguzo kwa vidole vyake mwenyewe, akaegemea bega la mwanawe, akaingia ndani.

Nilimnyooshea mkono mlangoni. Akapita, kama aliyepita mti.