Jina la Zuena

Isihaka, mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, alijiona muungwana kweli. Asubuhi ile, akiwapanga watu kwenye shamba la pamoja, alipiga marufuku jina la Zuena Kiwete.

“Kuanzia leo mama huyu tumwite asiyejiweza,” alisema, akamwonyesha mkeka waliokalia vikongwe wakipukuchua mbegu.

Zuena alikuwa amekuja akitambaa, jembe kalifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto. Hakwenda mkekani.

“Mwenyekiti, ukiniita kiwete umeutaja mguu wangu, na kweli umelemaa. Ukiniita asiyejiweza umenimaliza mimi mzima. Kiwete ni jina langu, nimelikubali mwenyewe. Hilo lako kampe mwingine.”

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma Isihaka zaidi. Alitafuta pa kuyaficha macho, yakatua kwenye jembe la Zuena, bado lina udongo mbichi wa shamba la mama huyo, alikopitia kulima alfajiri. La kwake Isihaka lilikuwa uvunguni. Tangu apewe uenyekiti, halikuwa limegusa ardhi.