Jaribio Moja Zaidi

Watu wa Holub wanajali sana usalama wa wachezaji. Nalisema hili mapema ili msije mkawadhania vibaya. Getini kwenye uwanja wa shule yao ya sekondari kuna bango refu kuliko basi, limeandikwa KICHWA NI KIMOJA, TUKILINDE, na wazazi huwapiga picha watoto wao hapo kabla ya kuwaingiza uwanjani kugongana vichwa.

Mimi ni Verlene Kubena, wa mji wa jirani. Siku za kazi nauza chakula cha mifugo dukani kwa shemeji yangu. Msimu wa futiboli ya Kimarekani ukifika navaa shati la mistari myeupe na myeusi na kuwa adui wa kila mtu. Nimekuwa mwamuzi miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo nimetaka kitu kimoja tu, kuchezesha fainali ya jimbo. Hapa kwetu Texas waamuzi wa mechi za mtoano huchaguliwa na makocha wenyewe. Ndiyo, wale wale tunaotakiwa kuwaadhibu. Kocha asipokupenda, anakukata jina. Ni utaratibu mzuri sana, na aliyeubuni bila shaka alikuwa kocha.

Jumamosi ile ya nusu fainali, Holub walikuwa wakicheza na Brenner. Saa moja kabla ya mechi, Kocha Stasny wa Holub alikuja kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo na boksi la kolache, mikate midogo mitamu yenye plamu katikati, zingali moto.

"Dada Verlene, usinifikirie vibaya," akasema. "Sikununui."

"Bado sijafikiria chochote. Nakula kwanza."

"Nasema tu kwamba tukishinda leo, Jumatatu naandika majina ya waamuzi wa fainali. Na jina la kwanza unalijua."

"Na mkishindwa?"

"Tukishindwa ataandika yule mzee wa Brenner. Alishakukata mwaka juzi, au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikula kolache mbili, na ya tatu nikaifunga kwenye karatasi.

Robo ya tatu ikielekea mwisho, Holub walikuwa mbele kwa pointi nne, na pointi karibu zote zilitoka kwenye miguu ya Tanner Janak, namba ishirini na mbili, kijana anayekimbia utadhani kaiba. Akapewa mpira tena. Beki mmoja wa Brenner akainamisha kichwa na kumwendea, helmeti kwa helmeti. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye dirisha la tiketi. Nikatupa kitambaa changu cha njano cha kuonyesha kosa, nikamtoa yule beki nje ya mchezo moja kwa moja.

Jukwaa la Holub lilinipenda ghafla. Kina mama walisimama wakanipigia makofi, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nizaliwe. Rudy Janak, baba yake Tanner, fundi wa matrekta mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, alikuwa amepanda juu ya benchi.

"Mfungieni maisha huyo! Vichwa vya watoto wetu si vya kuchezea, refa! Safi sana, mama, safi sana!"

Tanner alinyanyuka mwenyewe. Akainua dole gumba, uwanja ukashangilia, kisha akatembea taratibu mpaka kwenye duara la wachezaji wanaopanga mbinu, akainama, akaweka mikono magotini na kusubiri aambiwe cha kufanya. Tatizo ni kwamba lilikuwa duara la Brenner. Vijana wa Brenner walicheka, mmoja akamshika mabega, akamgeuza na kumwonyesha kwao.

Niliona. Nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Kila Agosti mimi ndiye ninayewafundisha waamuzi wapya sheria hiyo, kwa picha na mshale mwekundu: ukiona dalili kama hiyo ya ubongo kutikiswa piga filimbi, mchezaji atoke, asirudi siku hiyo. Nikamtazama Kocha Stasny. Naye alikuwa ameona, maana alianza ghafla kusoma karatasi yake kwa bidii ya mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nikawaza ule uwanja mkubwa wa fainali, paa linalofunguka, jina langu kwenye skrini. Nikajiambia labda kijana anatania, vijana hutania. Jaribio moja zaidi, yaani mpira uanzishwe mara moja tu, nimtazame vizuri. Nikaruhusu mpira uchezwe.

Walimpa Tanner, wangempa nani? Alikwenda yadi sita, akaingia katikati ya mabeki wawili wakamwangusha kihalali kabisa, na kisogo chake kikagonga ardhi. Yote hayo hayakuzidi sekunde sita. Hapo nikaogopa kweli, na filimbi niliipiga kwa nguvu mpaka masikio yakaniuma.

"Namba ishirini na mbili, nje. Harudi tena leo."

Kocha Stasny akaja mbio. "Nje kwa nini?"

"Aliingia kwenye duara la Brenner."

"Alikwenda kupeleleza."

"Aliinama akasubiri kupangwa, kocha."

"Ndiyo upelelezi wenyewe huo." Akamgeukia kijana. "Tanner, leo siku gani?"

"Ijumaa," Tanner akasema.

"Umesikia? Kakosea kwa siku moja tu." Kisha akanisogelea na kushusha sauti. "Dada Verlene. Kumbuka Jumatatu."

"Mimi kalenda ninayo, kocha. Asiye nayo ni mchezaji wako."

Kina mama wale wale walisimama tena, safari hii kunishauri nikapime macho. Na Rudy, ambaye dakika tano nyuma alikuwa mtetezi mkuu wa vichwa vya watoto, alikuwa amepata elimu mpya.

"Mrudishe mwanangu, wewe mama! Kaguswa tu! Sisi tulicheza hapa na mbavu zimevunjika, nani alitutoa? Rudi dukani ukapime mahindi!"

Holub walishindwa kwa pointi tatu. Fainali yangu nayo ikaenda, na kolache ya tatu ikabaki chumbani.

Mechi ilipokwisha nilitakiwa niondoke haraka, na askari alikuwa tayari kunisindikiza. Nikamwona Rudy ameshavuka uzio, anakuja amevimba, na Tanner anamfuata nyuma. Nikasimama nisubiri matusi yangu. Lakini Tanner alimpita baba yake akanifikia kwanza. Ni kijana mwenye adabu. Alivua kofia ya sufu waliyomvisha.

"Samahani, mama," akasema. "Tunaanza saa ngapi?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Rudy, aliyekuwa amekuja na matusi, akamshika mwanawe bega.

"Tanner. Mechi imekwisha, baba."

"Sawa." Akatabasamu. "Kwa hiyo tunaanza saa ngapi?"

"Bado kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Kaa hapa chini kwanza."

Askari akakimbia kuwaita watu wa gari la wagonjwa. Walipokuwa wakimlaza kwenye machela, Rudy alibaki amesimama mbele yangu, na ile sauti ya kushindana na injini ilikuwa imemkauka.

"Mama Kubena, yale niliyoyasema kule juu…"

"Nimezoea."

"Hapana, nisikilize. Watu wote hawa, na mimi baba yake, tulikuwa tunapiga kelele. Wewe peke yako ndiye uliyeona. Ukaona, ukamtoa papo hapo." Machozi yakamtoka, akanyoosha mkono. "Asante."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kuhusu lile jaribio moja zaidi. Alikuwa ananitazama, na gari la wagonjwa lilikuwa bado halijawashwa.

Nikampa mkono. "Ndiyo kazi yetu," nikasema.