Moyo wa Mtoto wa Mwingine

Mutoni alifika kliniki ya Kagarama na mama yake, Mukeshimana, kwa sababu mtoto tumboni hakuwa amecheza tangu jana. Siku hiyo Keith, kijana fundi wa kompyuta, alikuwa pale kujaribisha mashine yake ya kusikilizia moyo wa mtoto: kifaa kidogo, waya na kompyuta. Draiva, yaani programu inayoielewanisha kompyuta na kifaa, aliiandika mwenyewe, na kwa majigambo hakuwa na mpinzani.

Muda mfupi kabla, radi ilikuwa imepiga. Muuguzi Daphrose akafanya kama wafanyavyo watu wa Kigali: akachomoa kila kitu, hata waya wa kifaa. Kompyuta ikalala. Mvua ilipokatika akachomeka vya ukutani, akaiamsha kompyuta, akaweka kifaa juu ya tumbo la Mutoni.

Papo hapo moyo ukasikika, wenye nguvu. Mukeshimana akapiga vigelegele, na wanawake wa barazani wakaitikia.

"Iko nzima! Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Kijana, Mungu akubariki," Daphrose akasema.

Keith akainama kupokea baraka, ndipo alipouona waya. Ulining'inia pembeni mwa meza, haukuchomekwa popote.

Kompyuta ikiamka, draiva inapaswa kuuliza kwanza kama kifaa bado kipo. Yake haikuuliza. Ilirudia tu sauti ya mwisho iliyokuwa nayo, ya mtoto wa mama aliyepimwa kabla ya mvua. Kipande hicho Keith alikiruka kwa uvivu. Nani atachomoa waya kompyuta ikiwa imelala? Naye kwao Kagugu mama yake huchomoa hata redio, wingu likitanda tu!

Akatamani kunyamaza. Aibu ya kutamani hivyo ikamchoma kuliko kosa lenyewe.

"Mama, munisamehe," akasema. "Ile moyo si ya mtoto wenu. Ni ya yule mama wa mbele. Mashine yangu imedanganya."

Vigelegele vikakatika. Daphrose akachukua pembe ya mbao ya kusikilizia, akaibandika tumboni, akatega sikio. Keith hakuweza kuinua macho.

"Ninaisikia," Daphrose akasema hatimaye. "Iko nzima kabisa."

"Hata ile ya kwanza mulisema iko nzima," Mutoni akajibu. Akamnyang'anya pembe, akampa mama yake. "Mama, sikiliza wewe."

Mukeshimana hakuwahi kuishika pembe ile maishani mwake. Akainama, akabandika sikio, akasikiliza bila kujua asikilize nini. Hakusikia kitu, akaanza kulia.