Masharti ya Sungura

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na sita, asubuhi, na Arusha nzima ilikuwa imejifunika makoti ya mitumba. Ndani ya chumba cha mbu, kwenye maabara ya chuo, Elinaza alikuwa akitoka jasho. Hita ya umeme iliwaka pembeni, taulo mbichi zilitundikwa kila upande ili hewa iwe na unyevu, maana mbu wa maabara wamezoea starehe: hawataki baridi, hawataki ukavu, na hawataki damu iliyopoa.

Alikunja sweta mpaka kiwikoni, akaufuta mkono kwa maji bila sabuni, akauingiza katika kizimba cha kwanza. Mbu mia mbili walikuwa humo nyuma ya chandarua. Majike wakatua. Hakutikisika. Ukitikisika mbu anaruka kabla hajashiba, na asiyeshiba hatagi. Alihesabu dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani huku ngozi ikimuwaka moto, kisha akauchomoa mkono taratibu, akiwapuliza wale waliong'ang'ania. Vilibaki vizimba vitano.

Zamani kazi hii ilifanywa na sungura. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na namba yake, nyuma ya jengo, na masharti yao yalikuwa bado ukutani, yamepigwa taipu kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Sungura mmoja asitumike zaidi ya mara mbili kwa wiki. Sungura apewe majani mabichi kila siku. Yalikuwa masharti manne, na mhuri wa chuo chini yake. Kisha serikali ikaambiwa ifunge mkanda, nayo ikaenda kuufunga kwenye viuno vya wengine. Fungu la kutunza sungura likafutwa. Wakaliwa siku ya kumuaga mkuu wa idara, Elinaza mwenyewe akipakua pilau, na Jumatatu yake Daktari Abdiel, mkuu mpya, akamwambia kwa upole kabisa, "Mbu wetu hawana malaria, wamezaliwa humu humu. Jaribu mkono wako wiki moja tu, tukitafuta utaratibu."

Wiki hiyo ilikuwa na miaka minne sasa.

Kwenye karatasi Elinaza alikuwa fundi sanifu wa maabara. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, kwani ajira zilikuwa zimesitishwa, na kila mkataba ulipokwisha alisimama mlangoni kwa Daktari akisubiri sahihi. Hakuwa na ujanja mwingine. Mumewe, Sumari, alipigwa panga la kupunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, na siku hizi alishinda Ngarenaro akigonga mabati kwenye gereji ya mtu, leo analipwa, kesho anapewa soda. Chumba chao cha Sombetini kilisimama kwa mkono wa Elinaza.

Na sasa tumboni mwa Elinaza kulikuwa na mlaji mwingine. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mbili za kabla yake zilitoka zikiwa na miezi sita, akazizika nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kwenye migomba, na hakuna aliyeimba. Hii ya tatu hakuitaja hata kanisani. Alivaa koti jeupe la kipimo cha mwanamume, tumbo lisionekane.

Aliyemkatisha usingizi ni nesi Hedwiga wa kliniki, Jumanne ya wiki ile. Alimvuta kope ya chini, akarudia kipimo, akarudia tena.

"Mama, damu yako ni saba. Unaipeleka wapi damu wewe?"

"Nafanya kazi na wadudu, nesi."

"Wadudu gani?"

Elinaza akamwonyesha mkono. Hedwiga aliweka kalamu chini.

"Kila siku?"

"Kasoro Jumapili."

"Sikiliza, mama yangu. Ukifika siku ya kujifungua na damu hii, ukavuja kidogo tu, sisi hapa hatuna chupa ya kukuongezea. Hutapoteza mtoto peke yake. Acha hao wadudu kesho, si keshokutwa." Akampa vidonge vya kuongeza damu na cheti: mwenye mimba huyu apewe kazi nyepesi.

Cheti hicho kilikuwa mfukoni mwa koti asubuhi hii, na Elinaza alikuwa bado anatafuta maneno, mlango ulipofunguliwa na Daktari Abdiel akaingia anatabasamu, karatasi kubwa mkononi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Elinaza. Njoo uone maajabu."

Akaitandaza mezani. Ulikuwa mchoro wa hesabu ya mayai ya mbu kila wiki. Mstari uliolala mwaka mzima ulianza kupanda mwezi wa Machi, na ulikuwa bado unapanda.

"Mara mbili ya mwaka jana! Wafadhili wanakuja Ijumaa, wataniuliza nimebadili nini, na sijabadili kitu. Joto lile lile, maji ya sukari yale yale. Hebu niambie, siku hizi unakula nini?"

Maskini Elinaza, aliona mlango umefunguka. Alidhani mtu mwenye furaha namna hii hawezi kumnyima mwenzake pumziko. Akatoa cheti.

"Nina mimba, Daktari. Miezi mitano. Kliniki wamesema damu imekwisha. Naomba nisilishe mpaka nijifungue. Kazi nyingine zote nitafanya, kuosha vyombo, kuhesabu mayai, zote."

Daktari alikisoma cheti, kisha akarudi kwenye mchoro. Kidole chake kilitembea kinyumenyume juu ya mstari: Julai, Juni, Mei, Aprili, Machi. Kikasimama.

"Hongera," alisema, na Elinaza akajua papo hapo kwamba hakuwa anampongeza yeye.

Daktari akaendelea, "Kila bibi anasema mbu wanampenda mjamzito. Wanasema tu! Mimi sijaona aliyekaa akahesabu mayai. Sisi tumehesabu, Elinaza. Kila wiki, mkono mmoja, tangu mimba ikiwa changa."

"Daktari, damu ni saba."

"Nitamwambia mke wangu, Mama Aika, akuletee maini kutoka nyumbani."

"Mkono mwingine basi. Hata wa Koikai."

Koikai, mlinzi wa geti, aliwahi kujaribu mara moja. Aliuchomoa mkono kabla ya dakika kwisha, akasema heri wamrudishe porini akawalinde ng'ombe dhidi ya simba.

"Nikibadili mkono sasa, takwimu zote nimetupa. Ni miezi minne tu. Na miwili baada ya kujifungua, tuuone mstari ukishuka."

Miwili baada ya kujifungua. Hasira ya miaka minne ilimpanda Elinaza. Akageukia ukutani.

"Sharti la nne, Daktari." Hakuwahi kumjibu hivyo. Akalisoma kwa sauti, "Sungura mwenye mimba asitumike kabisa."

Daktari Abdiel aliitazama ile karatasi kama anayeiona leo.

"Hilo ni la sungura," alisema. Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipomuuma Elinaza zaidi.

Kisha akashusha sauti, sauti aliyoitumia kanisani akisoma matangazo ya Jumapili. "Mkataba wako unaisha tarehe thelathini na moja. Orodha ya kupunguza watu iko mezani kwangu, na kila mwaka jina lako nalitoa, nasema huyu ndiye anayelisha mbu. Asiyelisha nitamtetea kwa lipi? Na likizo ya uzazi ni ya walioajiriwa, unajua. Wa mkataba akienda kujifungua, unga umemwagika. Kubali, na Ijumaa nitawaomba wafadhili wakuandikie mkataba wa mwaka mzima."

"Nikafikirie, Daktari?"

"Fikiria." Akaangalia saa ya ukutani. "Ila usichelewe, mbu wa vile vizimba vitano hawajala. Na karatasi hiyo ibandue, wageni wanasoma kila kitu."

Aliibandua kwa kucha. Gundi ilikuwa ya zamani, ya serikali, ikaondoka na rangi ya ukuta, pakabaki mraba mweupe. Daktari alipachika mchoro wake papo hapo, kwa pini nne, akaandika juu kwa kalamu nyekundu: Chanzo cha damu, Na. 13.

"Tumekuficha jina," akasema. "Ndio utaratibu wa kisasa."

Akatoka. Elinaza aliikunja ile karatasi ya masharti, akaitia mfukoni pamoja na cheti. Alikaa. Alifikiria chumba cha Sombetini, soda za Sumari, vile vilima viwili vidogo kwenye migomba. Kisha akaufuta mkono kwa maji bila sabuni.

Katika kizimba cha pili mbu walikuwa wamekwisha kusogea upande wa mlango, wanamngoja. Akauingiza mkono. Walipotua wote, mtoto akacheza tumboni, kwa nguvu, mara ya kwanza wiki ile, na Elinaza akabana pumzi asitikisike.