Shuka Mbichi

Angeitwa mvivu, Nakhungu angecheka. Angeitwa mchoyo, angemeza. Lakini wifi yake Seline, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka Awasi kuja kumwona mama yake, alisimama chini ya kamba ya nguo, akashika pindo la shuka lililokuwa linaanuliwa, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Hii bado mbichi. Yaani mama yangu analazwa kwa maji?"

Mama huyo, Mama Aloo, alikuwa kitandani tangu ateleze kwenye tope akavunjika nyonga. Ngozi ya mgongo wake ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Muuguzi wa hospitali ya Kombewa alisema wazi: asilale juu ya kitu cha kukwaruza. Kidonda kikifunguka mgongoni kwa umri ule, kukifunga ni kazi ya Mungu.

Na maji ya pampu ya pale, jamani, hayana huruma. Yana chumvi, sabuni haitoki, na shuka likiachwa juani mpaka mwisho linasimama lenyewe kama mabati. Nakhungu alijifunza kwa kuharibu. Sabuni kidogo tu. Kusuuza kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Kulikung'uta shuka kwa nguvu kabla ya kuanika. Kisha kuanua mapema, likiwa na unyevu kidogo, kulisugua kwa viganja, kulikunja na kulikunjua, ndipo limalizie kukauka kivulini barazani. Vidole vilikuwa vimemchubuka. Hakuna aliyemwambia asante, naye hakuidai.

"Linamalizia barazani, wifi," alisema. "Nikiliacha juani litakuwa gumu."

"Nguo hukaushwa na jua, nyar Mwa. Ama kwenu hakuna jua?"

Nyar Mwa, binti wa watu wa nje. Amewazalia watoto, amewapikia matanga, amemwogesha mama yao, na bado ni wa nje. Seline akatoa simu, akapiga video ya shuka huku akilikamua pembe moja ili watu waone. Halikutoa hata tone, lakini akaituma kwa grupu ya familia hivyo hivyo. Kabla chai haijachemka, kaka mkubwa wa Seline alikuwa ameandika kutoka Nairobi kwamba Mama ahamishiwe Awasi, kwa Seline, "atunzwe na damu yake." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kaka huyo hata mlango wa chumba hajaugusa tangu Mama aanguke.

Nakhungu alimtazama mumewe, Calvince. Calvince alikuna kidevu, akasema labda dada yake ana nia njema. Nia njema, ati. Hasira ilimpanda Nakhungu mpaka masikio yakapata moto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja ya tatu. Kesho yake asubuhi alichukua beseni lenye mashuka machafu, akalitua miguuni pa wifi yake.

"Fua wewe," alisema. "Mimi sitaki tena kumlaza mama yako kwa maji."

Roho ilimuuma, maana mgongo wa Mama haukumkosea mtu. Kwa hiyo alichukua shuka moja laini akalifungia sandukuni, akangoja.

Seline akafua. Tangi aliona liko mbali, akatumia maji ya pampu. Sabuni ya unga alimwaga bila kupima, akaongeza nusu chupa ya dawa ya kulainisha nguo aliyokuja nayo, mpaka boma zima likanukia kama saluni. Akaanika asubuhi, akaanua jua likielekea ziwani. Yakawa makavu kau. Alipokunja shuka moja, lilitoa sauti.

Walimlaza Mama Aloo juu yake. Nakhungu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi siku hizo. Alijisogeza, akakunja uso, akapapasa kando yake.

"Nani amenitandikia mkeka?"

"Ni shuka, Mama. Nimefua mimi."

"Linanikwaruza. Niitieni nyara." Nyara, binti yangu.

Seline akainama karibu. "Niko hapa, Mama."

"Si wewe," Mama alisema. "Yule anayenifulia."

Calvince akaangalia dari. Nakhungu alikwenda sandukuni akarudi na shuka lake. "Mgeuze kwako, taratibu," akamwambia Seline, na Seline akatii. Mgongoni palikuwa na michirizi miekundu, lakini ngozi haikuwa imechanika. Wakaliondoa lile gumu, wakatandika jingine. Mama akashusha pumzi, akafumba macho.

Hapo ungedhani Nakhungu naye amelainika. Wapi. Alilichukua shuka gumu la wifi yake akalisimamisha sakafuni, na likasimama.

"Toa simu," alisema kwa sauti ya chini ili asimwamshe Mama. "Ile video yako ina kipande kimebaki. Lipige video na hili, kisha uwaandikie Mama amemwita nani nyara."

Seline alitoa simu yake. Akasema mtandao umepotea.

"Uko," alisema Calvince. "Yangu inashika."